Bandia au Unde? Sataranji na Historia ya Mwigo wa Fikra za Binadamu

Utangulizi

Swali la iwapo akili bandia inapaswa kulenga kuiga fikra za binadamu aghalabu huulizwa kana kwamba ni swali moja. Wanaolijibu kwa ndiyo na wanaolijibu kwa la wote huchukulia kuwa maana ya kuiga inajulikana, na kwamba lililosalia ni kupima faida na hasara tu. Kwa mwanafunzi wa fasihi, hata hivyo, kuiga ni miongoni mwa dhana kongwe zaidi katika taaluma yake, na ni miongoni mwa zile zilizozua ubishi mkubwa zaidi. Katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, Plato alitofautisha kitanda anachokiunda seremala na kitanda anachokichora msanii: cha kwanza hulaliwa, cha pili huonekana tu. Aristotle naye, katika utetezi wake wa tanzia, alishikilia kuwa kinachoigwa na tanzia si watu bali ni tendo. Hivi ni kusema kwamba tangu mwanzo wa nadharia ya fasihi ilibainika kuwa kuiga sura ya kitu na kuiga utendaji wake ni mambo mawili tofauti.

Kwa kuzingatia tofauti hiyo, makala haya yanapendekeza kuwa katika historia ya akili bandia mna aina tatu za mwigo. Kuna mwigo wa sura, ambapo lengo ni kumfanya mtazamaji aamini kuwa anashughulika na binadamu. Kuna mwigo wa njia, ambapo lengo ni mashine kupitia hatua zile zile za fikra anazozipitia binadamu. Na kuna mwigo wa tendo, ambapo lengo ni kazi ya akili ifanyike vyema, hata kama njia inayotumiwa haifanani hata kidogo na ya binadamu. Lugha ya Kiswahili yenyewe imeuhifadhi mvutano huu katika istilahi zake. Anayesema akili bandia anatumia neno linalotumiwa kwa noti bandia na kwa mwana wa bandia wa watoto, yaani kitu kilichofanywa kifanane na kingine. Anayesema akiliunde anatumia mzizi wa kitenzi kuunda, ambacho katika pwani kilihusishwa hasa na kazi ya mafundi wa vyombo vya baharini. Jahazi huundwa, haliigizi samaki, na hakuna nahodha anayelilaumu kwa kukosa mapezi.

Mchezo wa sataranji umeteuliwa kuwa uwanja wa uchunguzi huu kwa sababu ndio uliotumiwa kwa muda mrefu zaidi kama kipimo cha akili ya mashine, na kwa sababu kila hatua inayochezwa huandikwa na kuhifadhiwa. Hoja inayotetewa ni kwamba mwigo wa njia una thamani pale tu ambapo binadamu mwenyewe ndiye anayetafutwa kueleweka. Kwamba mwigo wa tendo hujisimamia kwa vipimo vyake. Na kwamba mwigo wa sura, unapofanywa lengo, huhitaji jambo fulani lifichwe, na mara nyingi kinachofichwa ni binadamu.

Mtu ndani ya Sanduku

Mnamo mwaka wa 1770, Wolfgang von Kempelen alionyesha katika kasri la Malkia Maria Theresa wa Austria mashine iliyodaiwa kucheza sataranji. Nyuma ya kabati kubwa lilikaa sanamu la mtu aliyevikwa kilemba na mavazi ya Kituruki. Kabla ya mchezo kuanza, milango ya kabati ilifunguliwa mmoja baada ya mwingine ili watazamaji waone magurudumu ya ndani. Kisha sanamu lilinyoosha mkono na kucheza, na aghalabu lilishinda. Katika mwaka wa 1809 Napoleon mwenyewe aliketi mbele yake. Siri yake ilikuwa kwamba ndani ya kabati alijificha mchezaji hodari, ambaye alisogea upande huu na ule kadiri milango ilivyofunguliwa, na ambaye aliendesha mkono wa sanamu kutoka gizani kwa mwanga wa mshumaa.

Hapana budi kutaja kwamba sura iliyochaguliwa haikuwa ya Mzungu. Aliyejificha ndani alikuwa Mzungu. Aliyeonekana nje alikuwa Mturuki wa kubuni, kiumbe ambaye katika mawazo ya watazamaji wa Vienna alikuwa tayari nusu fumbo. Ugeni wa sura ulisaidia kuuziba ugeni wa mashine.

Baada ya kifo cha Kempelen, mashine hiyo ilipita mikononi mwa Johann Maelzel, aliyeizungusha Marekani katika miaka ya 1820 na 1830. Huko ndiko ilikokutana na mhakiki wa fasihi. Mwaka wa 1836, Edgar Allan Poe alichapisha insha iliyokusudia kuthibitisha kuwa ndani ya sanduku mlikuwa na mtu. Alitaja ishara nyingi, lakini mojawapo ndiyo inayohusu mada hii. Poe alisema kuwa mashine halisi ingeshinda kila mara, kwa kuwa kanuni inayoiwezesha kushinda mchezo mmoja ingeweza kupanuliwa iishinde yote. Mashine ya Maelzel ilishindwa mara mojamoja; kwa hivyo haikuwa mashine. Hitimisho la Poe lilikuwa sahihi, ingawa msingi wake ulikuwa dhaifu, kwani mashine nyingi zilizokuja baadaye zilishindwa vibaya. Hata hivyo, insha yake iliasisi namna ya kusoma ambayo haijatoweka hadi leo: kulitafuta kosa kama alama ya kuwapo kwa binadamu. Mashine yenyewe iliteketea kwa moto mjini Philadelphia mwaka wa 1854.

Turing na Kosa la Makusudi

Alan Turing alipochapisha makala yake mashuhuri katika jarida la Mind mwaka wa 1950, alilibadilisha swali la iwapo mashine zinaweza kufikiri akaweka mahali pake mchezo wa kuiga. Mwulizaji hukaa katika chumba cha pekee na kuwasiliana kwa maandishi na wahojiwa wawili asiowaona, mmoja binadamu na mwingine mashine. Kazi yake ni kutambua ni yupi. Ufafanuzi huu huchukuliwa na wengi kuwa hati ya msingi ya taaluma nzima ya akili bandia, na ndio chanzo cha dhana kwamba kufanana na binadamu ndiko kufaulu.

Inafaa mahojiano ya mfano yaliyomo katika makala hayo yasomwe kwa makini yale yale ambayo mhakiki huyatumia kusoma tamthilia. Mwulizaji anaomba shairi kuhusu daraja la Forth. Mhojiwa anajitoa kwa udhuru kwamba hakujaliwa kipawa cha utunzi. Kisha anaulizwa ajumlishe 34,957 na 70,764. Baada ya kimya cha takriban sekunde 30, anajibu 105,621. Jumla sahihi ni 105,721. Turing hasemi lolote kuhusu tofauti hiyo hapo hapo, lakini baadaye katika makala anaeleza kuwa mashine iliyotayarishwa kwa mchezo huu ingetia makosa kwa makusudi ili kumchanganya mwulizaji, kwa sababu usahihi wake wa hesabu ungeifichua mara moja.

Jambo hili lina uzito mkubwa kuliko linavyopewa kwa kawaida. Ukikubaliwa mwigo wa sura kuwa lengo, basi mashine inayoweza kujumlisha bila kosa ni lazima ijifunze kukosea, na ile inayojibu papo hapo ni lazima ijifunze kukawia. Umahiri unageuka kuwa dosari ya kufichwa. Turing mwenyewe hakukosa kuliona tatizo hilo. Alikiri kuwa mashine zingeweza kufanya jambo linalostahili kuitwa kufikiri na ambalo hata hivyo ni tofauti sana na lile alifanyalo binadamu, akakubali kuwa pingamizi hilo lina nguvu. Jibu lake lilikuwa kwamba iwapo mashine itaundwa na kuucheza mchezo vyema, pingamizi hilo halitakuwa na haja ya kusumbua. Kwa maneno mengine, mchezo wa kuiga ulikuwa kipimo cha kutosha, wala si kipimo cha lazima. Waliofuata ndio waliougeuza kuwa kilele cha safari.

Kwa upande wa sataranji, Turing aliufuata mkondo tofauti. Pamoja na mwenzake David Champernowne alibuni kanuni za kucheza, na kwa kuwa hapakuwa na tarakilishi iliyoweza kuziendesha, mwaka wa 1952 aliziendesha mwenyewe kwa karatasi na kalamu dhidi ya Alick Glennie. Kila hatua ilimchukua muda wa takriban nusu saa, na baada ya hatua 29 alishindwa. Katika tukio hilo binadamu ndiye aliyeiga mashine, akijizuia asitumie akili yake mwenyewe hata pale alipoona njia iliyo bora.

Njia ya Bingwa

Katika mwaka ule ule wa 1950, Claude Shannon alichapisha makala kuhusu namna ya kuitayarisha tarakilishi icheze sataranji. Alikadiria kuwa idadi ya michezo inayowezekana ni 1 ikifuatwa na sufuri 120, kwa hivyo hakuna mashine itakayoimaliza kwa kuihesabu yote. Akapendekeza mikakati miwili. Wa kwanza ni kuzichunguza hatua zote hadi kina fulani. Wa pili ni kuteua hatua chache zenye maana na kuzifuata mbali. Shannon aliuona mkakati wa pili kuwa wenye matumaini zaidi, kwani ndio uliokaribiana na mwenendo wa mchezaji wa kibinadamu.

Mwenendo huo ulikuwa umekwisha kuchunguzwa na mwanasaikolojia wa Uholanzi, Adriaan de Groot, katika tasnifu yake ya mwaka wa 1946. De Groot aliwataka wachezaji, wakiwemo mabingwa wa dunia, waseme kwa sauti wanayoyafikiri mbele ya ubao. Matokeo yaliwashangaza wengi: mabingwa hawakutazama mbele sana kuliko wachezaji wa kiwango cha chini yao. Tofauti ilikuwa kwamba bingwa aliitambua hatua nzuri mapema, kama msomaji mzoefu anavyoutambua mwelekeo wa ubeti kabla ya kuufikia mwisho wake.

Allen Newell na Herbert Simon waliichukua mbinu hiyo ya kufikiri kwa sauti wakaifanya msingi wa mradi mzima. Programu yao ya mwaka wa 1956, waliyoitayarisha pamoja na Cliff Shaw, ilithibitisha kanuni 38 kati ya 52 za sura ya pili ya kitabu cha mantiki cha Whitehead na Russell. Lakini shabaha yao ilikuwa pana zaidi ya hapo. Walitaka programu iwe nadharia ya akili: iwapo mlolongo wa hatua za mashine ulilingana na maelezo ya binadamu aliyefikiri kwa sauti, basi programu ilieleza namna anavyofikiri. Huu ndio mwigo wa njia katika hali yake iliyo safi. Kwa imani hiyo Simon alitabiri mwaka wa 1957 kwamba katika muda wa miaka kumi tarakilishi ingekuwa bingwa wa dunia wa sataranji. Mwaka wa 1967 ulipita bila utabiri huo kutimia.

Katika Muungano wa Kisovieti, Mikhail Botvinnik, bingwa wa dunia aliyekuwa pia mhandisi wa umeme, alijitwika kazi hiyo hiyo kwa miaka mingi. Alishikilia kuwa programu ni lazima ifikiri kama bingwa, na nani angeijua njia ya bingwa kumshinda yeye? Hata hivyo, kazi yake haikuzaa mchezaji wa kuogopwa. Yaelekea kuwa kujua kucheza na kujua unavyocheza ni maarifa mawili tofauti, kama ambavyo malenga hawezi siku zote kueleza namna kina kilivyomjia.

Mabadiliko yalitokea mwaka wa 1973. David Slate na Larry Atkin wa Chuo Kikuu cha Northwestern walikuwa na programu iliyoteua hatua kwa mfano wa binadamu. Waliuacha uteuzi huo na kuiagiza mashine ichunguze kila hatua, za busara na za kipumbavu kwa pamoja. Programu yao ikaimarika, na kuanzia hapo mkakati wa kwanza wa Shannon ndio uliotawala. Mwigo wa njia ulishindwa katika ushindani. Haukushindwa, hata hivyo, kama elimu: uchunguzi wa De Groot, Newell na Simon uliacha maarifa kuhusu kumbukumbu na utambuzi wa binadamu ambayo mashine zenye nguvu zaidi hazikuacha. John McCarthy, mmoja wa waasisi wa taaluma, alilalamika mwaka wa 1997 kuwa sataranji ya tarakilishi ilifanana na elimu ya urithi ambayo, badala ya kuwachunguza nzi wa matunda, ingejishughulisha na kuwafuga nzi wa mashindano ya mbio.

Kasparov Asoma Akili

Mwezi wa Februari 1996, mjini Philadelphia, pale pale ambapo mashine ya Kempelen iliteketea, Garry Kasparov aliishinda tarakilishi ya Deep Blue ya kampuni ya IBM kwa pointi 4 kwa 2. Waliporudiana mjini New York mnamo Mei 1997, mashine ilikuwa ikichunguza takriban mikao milioni 200 ya kete kwa sekunde, na ikashinda kwa pointi 3.5 kwa 2.5. Ushindi huo ulikuwa wa mwigo wa tendo: hakuna binadamu anayefikiri kwa kasi hiyo wala kwa namna hiyo.

Lakini kilicho muhimu kwa mhakiki ni namna Kasparov alivyoisoma mashine. Katika mchezo wa pili, Deep Blue iliacha kuchukua kete zilizoonekana kuwa za bure ikapendelea hatua tulivu ya kumbana mpinzani. Kasparov aliisoma hatua hiyo kama kazi ya binadamu. Alijisalimisha katika mkao ambao wachunguzi waligundua baadaye kuwa ungeweza kumpa sare, na mbele ya waandishi wa habari akadokeza shaka yake kwa kulikumbusha bao ambalo Diego Maradona aliifunga Uingereza kwa mkono mwaka wa 1986. Swali la Poe lilikuwa limerudi baada ya miaka 161: je, ndani ya sanduku mna mtu? Safari hii lilizushwa na hatua nzuri kupita kiasi, ilhali kwa Poe lilizushwa na kosa.

Kisa kingine kilijulikana baadaye. Katika kitabu kilichochapishwa mwaka wa 2012, Nate Silver alimnukuu Murray Campbell, mmoja wa waundaji wa Deep Blue, akisema kuwa hatua moja ya ajabu ya mashine mwishoni mwa mchezo wa kwanza ilitokana na hitilafu ya programu, ambapo mashine ilichagua hatua kwa kubahatisha. Upande wa Kasparov ulikuwa umeifasiri hatua hiyo kama ushahidi wa hesabu za kina kisichofikika. Mahali pasipokuwa na fikra yoyote, msomaji stadi kuliko wote duniani aliona fikra tele. Nadharia za upokezi zimedai kwa muda mrefu kuwa maana hukamilishwa na msomaji. Pambano la New York lilionyesha kuwa akili nayo huweza kukamilishwa na msomaji, na kwamba umahiri wa msomaji haumkingi bali humwongezea vifaa vya kujidanganya.

Baada ya Ushindi

Miaka iliyofuata iliukata kabisa uzi uliouunganisha umahiri na ufanani. Programu ya AlphaGo, iliyomshinda Lee Sedol katika mchezo wa Go mnamo Machi 2016 kwa michezo 4 kwa 1, ilikuwa imeanza kwa kujifunza kutokana na michezo ya binadamu. Mrithi wake wa mwaka wa 2017 alipewa kanuni za mchezo pekee, akajifunza kwa kucheza na nafsi yake, na akaishinda ile iliyomshinda Lee kwa michezo 100 kwa 0. Mwezi wa Desemba mwaka huo mbinu hiyo ilihamishiwa sataranji kwa jina la AlphaZero. Ilichunguza takriban mikao 80,000 kwa sekunde ilhali mpinzani wake, programu ya Stockfish, ilichunguza milioni 70, na bado ikashinda. Mabingwa wa kibinadamu wakaanza kuisoma michezo yake na kuiga mtindo wake. Aidha, anayecheza sataranji kwenye intaneti bila kosa hushukiwa leo kuwa anasaidiwa na programu. Kosa limebaki kuwa alama ya binadamu, kama alivyodhani Poe.

Katika mazingira hayo, mwigo wa njia umepata kazi yake halali. Mwaka wa 2020 watafiti walitoa programu iitwayo Maia, iliyofunzwa kutabiri hatua ambayo mchezaji wa kiwango fulani angeichukua, makosa yake yakiwemo. Katika zaidi ya nusu ya mikao, utabiri wake huwa sahihi. Maia haikusudiwi kumshinda bingwa. Inakusudiwa kumwelewa mwanafunzi, kwa sababu mwalimu asiyejua ni wapi mwanafunzi hujikwaa hana la kumfundisha. Hapa kumwiga binadamu kuna sababu, kwani binadamu ndiye anayetafutwa, na mwigo wenyewe umetangazwa waziwazi.

Kutoka Ubaoni hadi Katika Lugha

Sataranji ina mfalme anayefungika, kwa hivyo mwigo wa tendo una kipimo. Lugha haina kipimo cha namna hiyo, na ndiyo maana mwigo wa sura umestawi zaidi huko. Mwaka wa 1966 Joseph Weizenbaum alitangaza programu aliyoiita ELIZA, kwa kufuata mhusika wa tamthilia ya Pygmalion ya George Bernard Shaw, msichana anayefundishwa kusema kama watu wa tabaka la juu. Programu hiyo ilirudisha maneno ya msemaji kwa umbo la maswali, bila kuelewa lolote. Weizenbaum alisimulia kuwa katibu wake, aliyejua fika jinsi programu ilivyotengenezwa, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Kwa mshtuko huo aliandika kitabu cha mwaka wa 1976 kinachotahadharisha dhidi ya kuikabidhi mashine kazi zinazohitaji hekima na huruma.

Mifumo ya lugha iliyoenea tangu kutolewa kwa ChatGPT mwishoni mwa Novemba 2022 ni ya aina nyingine. Hufunzwa kutabiri lifuatalo katika matini nyingi mno, kisha hunyooshwa kwa hukumu za watu wanaopima majibu yake. Iwapo kutabiri matini vyema kunahitaji kupitia, kwa kiasi fulani, njia iliyoizaa, ni suala ambalo wataalamu hawajakubaliana. La hakika ni kwamba kinachoigwa moja kwa moja ni maandishi, wala si fikra, na kwamba maandishi hayo yana wenyewe.

Ni hapa ambapo sanduku la Kempelen linaihusu Kenya. Mnamo Januari 2023, jarida la Time la Marekani lilichapisha taarifa kuhusu wafanyakazi wa Nairobi waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha vifungu vyenye maelezo ya ukatili na dhuluma, ili mfumo ufunzwe kuviepuka. Upole unaosikika katika majibu ya mashine ulitokana kwa sehemu na watu waliousoma ukatili huo kwa niaba ya wengine. Mjini Vienna sura ya nje ilikuwa ya mgeni wa Mashariki na aliyefichwa alikuwa Mzungu. Katika karne hii sauti ya nje haina kwao, na miongoni mwa waliofichwa wamo Waafrika. Mwigo wa sura unapokamilika, mtazamaji hana sababu ya kuuliza ni nani aliye ndani.

Suala la pili linahusu ni binadamu yupi anayeigwa. Mfumo unaojifunza kutokana na matini hujifunza kutokana na zile zilizoandikwa, zikachapwa na kuingizwa katika intaneti. Sehemu kubwa ya fikra za Waswahili imo katika tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, katika miswada iliyohifadhiwa London na Dar es Salaam, na katika mazungumzo ambayo hayakuandikwa popote. Mashine inayodaiwa kufikiri kama binadamu hufikiri, basi, kama wale walioandika kwa wingi.

Wahakiki wa Kiswahili hawakosi urithi wa kulikabili suala hili. Kaluta Amri Abedi aliweka sheria za utunzi katika kitabu chake cha mwaka wa 1954, na baada ya Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka wa 1974 ulizuka mjadala mkali kuhusu iwapo vina na mizani ndivyo vinavyolifanya shairi liwe shairi. Mashine inaweza kuhesabu mizani minane katika kila kipande na kupatanisha vina bila kuchoka. Wanamapokeo na wanamabadiliko walitofautiana katika mengi, lakini ni vigumu kumpata katika pande zote mbili aliyedai kuwa hesabu hiyo pekee inatosha. Ubishi wao ulihusu uhusiano wa umbo na kile ambacho umbo linakibeba, na huo ndio ubishi wa mwigo wa sura na mwigo wa tendo kwa jina lingine.

Hatimaye kuna suala la darasani. Mwalimu wa fasihi anayepokea insha leo amewekwa mahali pa Poe: anasoma ili ajue kama ndani mna mtu. Akiifuata mantiki ya Poe, ataliamini kosa na kuushuku ufasaha, na mwanafunzi aliyejibidiisha kuandika Kiswahili sanifu ndiye atakayeadhibiwa. Huo utakuwa ushindi wa mwisho wa mchezo wa Turing, ambapo si mashine pekee inayolazimika kutia kosa la makusudi ili iaminiwe kuwa binadamu, bali binadamu pia.

Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa haitoi jibu moja kwa swali lililoulizwa, kwa kuwa swali lenyewe si moja. Pale ambapo lengo ni kumwelewa au kumfundisha binadamu, mashine na iige njia zake pamoja na makosa yake, kama walivyojaribu Newell na Simon na kama ifanyavyo Maia. Pale ambapo lengo ni kazi ifanyike, hapana sababu ya kuifunga mashine katika njia za binadamu. Slate na Atkin walilijua hilo tangu mwaka wa 1973. Ama kuiga sura ya binadamu ili isitambulikane kuwa ni sura, hilo halikumwongezea mtu maarifa katika kisa chochote kilichochunguzwa, na kila mara lilihitaji pazia: mlango wa kabati mjini Vienna, jumla iliyopotoshwa makusudi katika makala ya Turing, malipo ya chini ya wasomaji wa Nairobi. Mhakiki wa fasihi, ambaye kazi yake tangu hapo ni kupambanua kilichosemwa, aliyekisema na anayedhaniwa kukisema, hana sababu ya kuwaachia wahandisi peke yao uamuzi wa ni mwigo upi unaostahili kuitwa maendeleo.